Sheria za gemu zikibadilika, mhusika wako anabaki kuwa wako?

Mtu wangu, fikiria umemlea mhusika wako miaka mitatu. Jina, silaha, maadui, vyote umechagua mwenyewe. Halafu kitabu kipya cha sheria kinatoka na kazi yake haimo kabisa!

Yamewakuta wachezaji wa Dungeons & Dragons, lile gemu la mezani la karatasi, dadu na stori lililoanza Marekani mwaka 1974. Mwaka 1989 lilipotoka toleo la pili la Advanced Dungeons & Dragons, kazi ya muuaji wa kukodiwa haikuwemo kwenye kitabu cha mchezaji. Wauaji waliokuwepo je? Kwenye riwaya za Forgotten Realms, mungu mwovu Bane akawamaliza wote kwa mpigo ili apate nguvu. Yaani sheria imebadilika, watu wanaletewa msiba.

Ila mezani hakuna aliyelazimishwa. Kitabu cha zamani kiko kabatini, mkikubaliana mnaendelea nacho. Mwaka 2008 toleo la nne lilibadilisha mambo mengi kiasi kwamba mhusika wa zamani ilibidi umjenge upya. Kampuni nyingine, Paizo, ikachukua sheria za toleo la 3.5, maana leseni iliruhusu, ikatoa Pathfinder mwaka 2009. Wengi wakahamia huko.

Mwaka 2024 mambo yakawa mengine. Siku hizi wahusika wengi wanakaa mtandaoni, kwenye D&D Beyond, huduma ya kampuni yenyewe. Sheria mpya zikaja. Mfano paladini, yule askari wa kiapo: zamani aliweza kuongeza nguvu takatifu kwenye kila pigo lililompata adui, sasa ni mara moja tu kwa zamu. Agosti kampuni ikatangaza kwamba uchawi na vifaa vya kichawi vya zamani vitabadilishwa kwenye kurasa za wahusika. Unataka vya zamani? Viandike upya mwenyewe. Na watu walishavilipia! Kelele zikapigwa kwelikweli, na ndani ya siku chache kampuni ikarudi nyuma.

Kiukweli walishinda safari hiyo. Lakini karatasi iliyo kabatini haiwezi kubadilishwa na mtu wa mbali ukiwa umelala, akaunti inaweza. Kama una mhusika unayempenda, mchapishe nakala.

Wewe ungekubali paladini wako apunguzwe makali? Dondosha maoni hapo chini.