Menyu zarahisisha usakinishaji wa programu katika kompyuta za ubao mmoja

Na Mwandishi Wetu

KOMPYUTA ya ubao mmoja ni ile ambayo kichakataji, kumbukumbu na matundu yake yote yamo katika kipande kimoja cha saketi. Iliyo maarufu zaidi ni Raspberry Pi, iliyobuniwa Cambridge, Uingereza, na kuanza kuuzwa Februari 29, 2012 kwa dola 35 za Marekani. Ilikuwa na ukubwa unaokaribia ule wa kadi ya benki, na kumbukumbu ya megabaiti 256 tu.

Bei ilikuwa nafuu, lakini kikwazo kingine kilibaki. Kompyuta hizi kwa kawaida hutumia mfumo endeshi wa Linux, ambamo programu nyingi husakinishwa kwa kuandika amri. Mtumiaji hulazimika kupakua programu, kuongeza nyingine zinazoitegemeza, kuhariri mafaili ya mipangilio, kisha kuiwasha. Herufi moja ikikosewa, amri hukataliwa au, baya zaidi, hutenda jambo lisilokusudiwa.

Suluhisho lililoenea ni skripti yenye menyu. Skripti ni faili la maandishi ya kawaida ambamo amri zote zimekwisha kupangwa kwa mfuatano wake. Mtumiaji huona kisanduku chenye orodha, hupanda na kushuka kwa vitufe vya mishale, kisha huthibitisha chaguo lake. Kazi iliyosalia hufanywa na skripti.

Visanduku hivyo huchorwa kwa herufi, si kwa picha, kupitia programu ndogo kama whiptail na dialog. Kwa sababu hiyo, menyu hufanya kazi hata katika kompyuta yenye kumbukumbu haba, au isiyo na skrini na inayoendeshwa kwa mbali kupitia mtandao.

Mifano ni mingi. Raspberry Pi huja na raspi-config, ambayo hubadilisha nywila, lugha na mipangilio mingineyo. RetroPie huigeuza kompyuta hiyo kuwa mashine ya michezo ya zamani. DietPi, inayofanya kazi katika mbao za watengenezaji mbalimbali, humwezesha mtumiaji kuweka alama kwenye programu kadhaa na kuzisakinisha kwa mkupuo mmoja.

Hata hivyo, urahisi huo una gharama yake. Ili kusakinisha programu, skripti hupewa mamlaka ya msimamizi mkuu wa kompyuta, hivyo huweza kufuta au kubadilisha faili lolote. Watengenezaji wa Pi-hole, programu inayozuia matangazo ya intaneti, hutoa amri moja ya kupakua skripti yao na kuiendesha papo hapo. Wao wenyewe hukiri kuwa njia hiyo ina utata, kwani humnyima mtumiaji nafasi ya kuisoma kwanza, na hutoa njia nyingine kwa anayetaka kufanya hivyo.

Aidha, menyu haimlindi anayeruka hatua za msingi. Mwaka 2017, kampuni ya usalama wa kompyuta ya Dr.Web ya Urusi iliripoti programu hasidi iliyovamia kompyuta za Raspberry Pi ambazo wenyewe hawakubadilisha nywila ya kiwandani. Ilizitumia kuchimba sarafu za kidijitali na kutafuta nyingine za kuvamia. Jina la mtumiaji na nywila hiyo, vilivyojulikana na kila mtu, viliondolewa katika mfumo endeshi wake Aprili 2022.

Anayetaka kutumia skripti hizi hana budi kuipakua kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, na kuipitia kabla ya kuiendesha, kwa kuwa ni maandishi yanayosomeka. Vilevile, anakili kadi ya kumbukumbu mapema. Usakinishaji ukikatika katikati kwa sababu ya umeme au mtandao, nakala hiyo ndiyo itakayomrudisha alipokuwa.