Wachimbaji wa Mtaa wa Shake Rag
Mtaa wa Shake Rag, mjini Mineral Point katika jimbo la Wisconsin, Marekani, bado una nyumba kadhaa ndogo za mawe ya chokaa. Mawe ya mbele yamechongwa yakalingana. Ya ubavuni yamepangwa vivi hivi. Waliozijenga hawakuwa na fedha za kuchezea, lakini walijali mpita njia ataonaje.

Walikuwa wachimba madini kutoka Cornwall, pembe ya kusini-magharibi ya Uingereza, nao walianza kufika kwa wingi miaka ya 1830. Risasi ya eneo hilo ilikuwa ikichimbwa na Wahindi Wekundu wa kabila la Ho-Chunk tangu zamani, hadi mkataba wa 1829 ulipowapokonya ardhi. Wamarekani waliomiminika hapo walifukua juujuu tu. Madini ya juu yalipopungua, wakahitajika watu wa kuufuata mwamba chini kwa nyundo, tindo na baruti, na hiyo ndiyo kazi ambayo Wacornwall waliikulia kwenye migodi ya shaba na bati ya Camborne na Redruth.

Inasimuliwa kwamba mtaa ulipata jina kutokana na wake waliopunga vitambaa mlangoni kuwaita waume zao waliokuwa mgodini ng'ambo ya bonde, chakula kikiiva. Hadithi tamu mno, nami huipokea kwa tahadhari. Chakula chenyewe hakina shaka: pasti, yaani sambusa kubwa ya nyama, viazi na vitunguu, iliyookwa badala ya kukaangwa. Mjini hapo inauzwa hadi leo. Nyumba zenyewe nusura zitoweke. Mwaka 1935 wanaume wawili, Robert Neal na Edgar Hellum, walianza kuzinunua na kuzikarabati moja baada ya nyingine.

Mjukuu wa wachimbaji hao akitaka kujua babu alitoka kijiji gani, mara nyingi huanzia Ellis Island, New York, na hapo hupoteza muda bure. Kituo kile kilifunguliwa 1892. Hata Castle Garden kilichokitangulia kilianza kupokea wahamiaji 1855. Aliyevuka bahari mwaka 1838 atafutwe kwenye orodha za abiria ambazo sheria ya 1819 iliwataka manahodha wazikabidhi forodhani, ingawa kwa kawaida zilitaja nchi tu. Sensa ya 1850, ya kwanza Marekani kuorodhesha kila mtu huru kwa jina, nayo iliridhika na kuandika Uingereza. Hati za uraia? Mgeni alikula kiapo cha kumkana Malkia Victoria, karani akaandika, yakaisha.

Hapo ndipo anayemfuata mtu mmoja peke yake hukwama, hasa ikiwa babu aliitwa John au William kama nusu ya wenzake. Afadhali awafuate majirani. Watu hawa walihama kwa kuitana, na karani wa sensa alipita nyumba kwa nyumba, hivyo majina yaliyofuatana kwenye ukurasa mmoja huenda ni ya watu wa parokia moja. Jiwe la kaburi la shemeji linaweza kutaja parokia ambayo jiwe la babu halikuitaja.

Parokia ikijulikana, safari inageukia Uingereza. Usajili wa serikali wa vizazi ulianza Julai 1837. Kabla ya hapo ni daftari za makanisa. Wacornwall wengi walikuwa Wamethodisti, na daftari nyingi za ubatizo wa makanisa yao zimehifadhiwa kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa huko Kew, London. Ndoa ni habari nyingine. Sheria ya 1753 iliwalazimu watu wote, isipokuwa Wakweka na Wayahudi, kufunga ndoa katika kanisa la Kianglikana, kwa hiyo hata Mmethodisti mkereketwa yumo katika daftari la kasisi asiyemtaka. Kama alitia alama ya msalaba badala ya sahihi, hilo nalo linasema jambo kuhusu shule aliyoipata.

Tahadhari moja kwa msomaji wa sensa ya 1850: mwaka uliotangulia dhahabu ya California iliwazoa wachimbaji wengi wa Mineral Point. Mwanamke aliyeandikwa na watoto bila mume si lazima awe mjane. Sensa ile haikuuliza uhusiano wa watu wa nyumba moja, na mume huenda alikuwa machimboni upande wa pili wa bara. Atafutwe katika sensa ambayo California ilijifanyia yenyewe mwaka 1852.