Kwa nini chumvi huyeyuka katika maji lakini tope haliyeyuki?

Ziwa Nakivale ni chanzo kikuu cha maji kwa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Mto Rwizi, unaopita Mbarara kuelekea ukanda wa maziwa hayo, hubeba udongo wa vilimani, hasa msimu wa mvua. Maji yenye tope laini yanaweza kukaa ndani ya jerikani usiku kucha na asubuhi yakawa bado na rangi ya chai ya maziwa. Ni rahisi kudhani kwamba udongo umeyeyuka. Haujayeyuka.

Molekuli ya maji ina upande wenye chaji hasi kidogo, ule wa oksijeni, na upande wenye chaji chanya kidogo, ule wa hidrojeni. Chumvi imejengwa kwa ioni za sodiamu, zenye chaji chanya, na za kloridi, zenye chaji hasi. Maji huzizingira na kuzing'oa moja moja, zikawa ndogo kiasi kwamba kitambaa wala mchanga hauwezi kuzichuja. Sukari haina ioni, ila molekuli zake hushikamana vyema na maji. Mafuta hayana pa kushikwa, ndiyo maana huelea juu ya mchuzi. Hata hivyo kuna kikomo: lita moja ya maji hupokea takriban gramu 360 za chumvi. Huko Ziwa Katwe, jua hukausha maji hadi chumvi ikakosa nafasi na kuganda.

Chembe za udongo wa mfinyanzi ni kubwa mno kuliko ioni. Hazitui upesi kwa sababu zina chaji hasi, hivyo husukumana. Shabu, lile jiwe jeupe la madukani, huyeyuka, na alumini yake yenye chaji chanya huondoa msukumano huo. Chembe hushikana kuwa mabonge na kuzama. Katika mitambo ya kusafishia maji, mchanga huchuja yaliyobaki, kisha hutiwa klorini. Klorini ikitangulia, sehemu yake kubwa huishia kwenye uchafu, na vimelea hujificha ndani ya tope.

Kwa hiyo maji yaliyotulizwa kwa shabu nyumbani, hata yakiwa maangavu, bado yanaweza kubeba vimelea vya kipindupindu. Yachemshwe au yatiwe klorini. Kuchemsha huua vimelea. Chumvi iliyoyeyuka hubaki palepale, na ladha yake pia.