Nani Anashika Daftari la Wanafunzi?

Mwalimu asiye na shule huhitaji njia ya kumfikia mwanafunzi, na mara nyingi njia hiyo ni mali ya mtu mwingine. Ndiyo maana historia ya majukwaa ya kozi mtandaoni ni historia ya swali moja: nani anashika daftari la wanafunzi?

Swali hili ni la zamani kuliko intaneti. Mwaka 1840 Uingereza ilianzisha posta ya peni moja, na Isaac Pitman akaitumia kufundisha hatimkato. Wanafunzi walinakili aya za Biblia kwa hatimkato na kumpelekea, naye akazisahihisha na kuzirudisha. Posta ilidai peni yake tu. Haikupanga bei ya somo, na anwani za wanafunzi zilibaki mikononi mwa Pitman.

Mwaka 2010 Eren Bali, Oktay Caglar na Gagan Biyani walizindua Udemy nchini Marekani. Bali alikulia kijijini Uturuki, na intaneti ilimwezesha kujifunza hisabati kupita aliyofundishwa shuleni. Udemy ilikuwa soko. Mwenye ujuzi aliweza kurekodi kozi bila kuajiriwa na chuo, akawakuta wanunuzi wamekwisha kukusanyika. Kwa mwalimu asiyejulikana, hiyo ilikuwa neema kubwa. Hata hivyo, masharti yalipangwa na mwenye soko. Mwaka 2021 fungu la mwalimu katika mauzo ya kawaida lilishushwa kutoka asilimia 50 hadi 37. Akimleta mnunuzi mwenyewe, hupata 97. Tofauti hiyo inaonyesha kwamba kinacholipwa zaidi si somo, bali kumleta mwanafunzi. Tena, mwalimu hapewi anwani za barua pepe za wanafunzi wake.

Wengine walijenga njia ya pili. Thinkific ilianzishwa Vancouver, Kanada, mwaka 2012. Mwanzilishi wake mmoja, Greg Smith, alikuwa amewahi kufundisha mtandaoni maandalizi ya mtihani wa kuingia vyuo vya sheria. Muda mfupi baadaye, Ankur Nagpal alianzisha Teachable, iliyoitwa Fedora hapo mwanzo. Katika majukwaa haya mwalimu hukodi nafasi kwa ada ya mwezi, hupanga bei yake na hushika orodha ya wanafunzi wake. Lakini hakuna umati unaomsubiri. Lazima autafute mwenyewe.

Kwa hiyo hakuna njia ya bure. Sokoni mwalimu hulipa kwa fungu la mapato yake. Kwenye jukwaa la kukodi hulipa ada na jasho. Lakini masharti yakibadilika, kama ilivyotokea mwaka 2021, mwenye daftari huweza kuhama na wanafunzi wake, na asiye nalo huanza upya. Wahenga walikwisha kutuonya: mtegemea cha nduguye hufa maskini.