Misheni ni Mahali? Historia ya Neno Moja katika Nyanda za Juu Kusini

Katika Kiingereza neno "mission" hutumika kwa mambo mengi yasiyofanana. Balozi na wenzake waliopelekwa katika nchi ya kigeni ni "mission". Rubani wa vita anayeondoka kutimiza amri yumo katika "mission". Chombo kinachorushwa mwezini kina "mission" yake. Na siku hizi hata kiwanda cha sabuni hubandika "mission" yake ukutani. Yote haya yana kiini kimoja, kwamba mtu ametumwa naye ana shughuli ya kutimiza. Kiswahili hakikulipokea neno hili zima. Ya balozi tunayaita ubalozi, ya askari operesheni, na ofisi zetu zikitaka kutangaza kusudi lao huandika dira na dhamira. Sehemu iliyobaki ndiyo tuliyoiita "misheni", nayo yastahili kuchunguzwa na wachungaji, kwa sababu katika vinywa vya washarika wetu wengi misheni si kutumwa wala si safari. Ni mahali.

Mtu wa Ilembula, wa Bulongwa au wa Tandala akisema mama yake "yuko misheni", hasemi kwamba mama huyo anahubiri Injili. Anasema yuko kule penye kanisa la matofali, mikaratusi mirefu, wodi za wagonjwa na nyumba ya mchungaji. Tena sarufi yenyewe imelisaidia jambo hili. Masikio yetu yamezoea kusikia "-ni" mwishoni mwa neno kama alama ya mahali: nyumbani, shambani, shuleni. Neno hili la kigeni lilifika likiwa tayari na mkia huo, wala hakuna asemaye "nakwenda mishenini". Tunaona jambo hilo hilo katika jina la Pomerini, mkoani Iringa. Wajerumani walikiita kituo chao Pommern, kwa jina la jimbo lililo kwenye pwani ya Bahari ya Baltiki. Wenyeji wakalipokea, wakalivika "-ni", likawa jina la kijiji.

Hata hivyo sarufi peke yake haielezi kilichotokea. Mwaka 1891 misafara miwili ya Wajerumani ilifika upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Mmoja ulikuwa wa Misioni ya Berlin, ukiongozwa na Alexander Merensky. Mwingine ulikuwa wa Wamoravian, ukiongozwa na Theodor Meyer, nao ukaweka kituo chake Rungwe. Wakagawana nchi, Wamoravian wakichukua upande wa magharibi na watu wa Berlin upande wa mashariki, ambako vilifuata vituo vya Manow, Mwakaleli, Ikombe, Bulongwa, na baadaye Tandala, Kidugala na Lupembe. Merensky hakuwa mgeni wa kazi hii. Mwaka 1865, huko Afrika Kusini, alianzisha kituo cha Botshabelo, ambako Wakristo waliofukuzwa na mtawala wao walipewa ardhi, wakajenga na kulima chini ya taratibu za kituo. Jina Botshabelo, kwa Kisotho, maana yake ni mahali pa kukimbilia. Sura hiyo ya misheni, ardhi yenye mipaka na watu wanaoishi ndani yake, alikuwa nayo kichwani kabla hajaiona nchi ya Konde.

Nchi aliyoikuta, nayo, ilikuwa na watu waliohitaji mahali pa kukimbilia. Biashara ya watumwa ilikuwa bado inapita kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na vita vya watawala vilikuwa vimewang'oa wengi kwao. Tunalo shahidi mwema juu ya hili. Elise Kootz-Kretschmer, mke wa mmisionari wa Kimoravian aliyeishi Utengule, mkoani Mbeya, aliandika masimulizi ya maisha ya baadhi ya wanawake waliofika kituoni hapo. Kati yao walikuwapo Narwimba na Sichyajunga, wanawake waliojua maana ya kutekwa, kutolewa kuwa malipo, na kupita mkono hadi mkono. Mwanahistoria Marcia Wright aliyarudisha masimulizi hayo mbele ya wasomi katika kitabu chake cha mwaka 1993. Msomaji wa leo anaweza kulalamika kwamba misheni ilijitenga na jamii. Kwa mwanamke asiye na ukoo wa kumtetea, kujitenga huko ndiko kulikokuwa usalama wenyewe. Hatuna budi kulikumbuka hilo kabla ya kulicheka neno hili.

Hapa Kiswahili kinatufundisha jambo ambalo Kiingereza hakiwezi. Kitenzi "tuma" ndicho kilichozaa "mtume", na hicho hicho ndicho kilichozaa "mtumwa". "Mtumishi" naye ni wa ukoo huo huo. Anayepelekwa kwa heshima na anayepelekwa kwa nguvu wametoka tumbo moja. Mtu aliyekuwa mtumwa akafika Utengule hakuwa na sababu ya kutamani atumwe tena. Alitamani kukaa.

Lakini mahali pana gharama yake. Kituo kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo alikuwa mmisionari. Ndiye aliyesema nani ajenge na nani aondoke, na mara nyingi ndiye aliyeamua mashauri, kama mtawala mdogo kati ya watawala. Septemba 1905, vita vya Maji Maji vilipoingia Ubena, wapiganaji wa Mtwa Mbeyela walikishambulia kituo cha Yakobi, karibu na Njombe, nchi iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa hadi ulipoundwa Mkoa wa Njombe mwaka 2012. Hawakuwa wanashambulia fundisho la kuhesabiwa haki kwa imani. Walishambulia majengo yaliyosimama upande wa serikali ya Kijerumani, ama ndivyo walivyoyaona, na kwa kweli si rahisi kusema walikosea kabisa.

Jaribio kubwa la neno lilikuja mwaka 1916. Majeshi ya Waingereza yaliingia Nyanda za Juu Kusini, na wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa na kuondolewa. Waskoti wa Livingstonia walisaidia kwa kadiri walivyoweza, lakini kazi ya kila siku ilibaki mikononi mwa walimu na wazee wa kienyeji hadi Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya 1920. Vita vya pili vilirudia hadithi ile ile. Kuanzia mwaka 1939 Wajerumani walitiwa tena kizuizini, na baadaye Walutheri wa Augustana kutoka Marekani, pamoja na Waswidi, wakaja kusaidia. Katika barua za Baraza la Kimataifa la Misioni maeneo haya yaliitwa "misioni yatima". Lugha ya huruma, bila shaka. Lakini yatima ni mtoto aliyefiwa na wazazi, na walioachwa hapa walikuwa watu wazima wenye wajukuu, waliokuwa wakifundisha katekisimu, kuzika na kupatanisha wagombanao. Mara mbili katika miaka 25 wenye kutumwa walitoweka na kutumwa kukaendelea. Twaweza kudhani kwamba baada ya hapo neno "misheni" lingehama kutoka kwenye majengo na kuwafuata walimu wale. Halikuhama. Mwalimu aliyetembea siku mbili kufundisha kijiji cha mbali aliendelea kuwa "mwalimu", na misheni ikaendelea kuwa kule alikotoka.

Wanatheolojia wa nchi nyingine, wakati huo huo, walikuwa wakilisafisha neno kwa upande wao. David Bosch, katika kitabu chake cha mwaka 1991 kinachosomwa na wanafunzi wetu, anakumbusha kwamba hadi karne ya 16 neno la Kilatini "missio" lilihusu Utatu: Baba kumtuma Mwana, na Roho kutumwa. Wajesuiti ndio walioanza kulitumia kwa kueneza imani. Mkutano wa Willingen, Ujerumani, mwaka 1952, uliirudisha misioni kwa Mungu mwenyewe. Mwaka 1969 jarida mashuhuri la misioni liliondoa alama ya wingi katika jina lake la Kiingereza, ili isemwe misioni moja, wala si misioni nyingi za mashirika. Kanisa letu, lililoundwa mwaka 1963, limelifuata wazo hili kwa kuandika "misioni", kama katika Misioni na Uinjilisti, umbo lililo karibu zaidi na matamshi ya Kijerumani na Kilatini, huku "misheni" ya matamshi ya Kiingereza ikiachiwa watu. Basi sasa tuna maneno mawili. Moja liko katika taarifa za mikutano mikuu, jingine liko kwenye vituo vya basi. Mchungaji husoma la kwanza mimbarani, na washarika husikia la pili.

Si suala la tahajia tu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipozipeleka shule za misheni serikalini, wakristo wengi waliona kwamba misheni imepungua, kana kwamba imekatwa kipande. Mwaka 1992 makanisa na serikali walipotia sahihi mkataba wa huduma za jamii, ikaonekana imepona. Na mzee anayefika katika hospitali ya kanisa akatakiwa kulipa huuliza tangu lini misheni ikatoza. Swali lake lina haki. Babu yake aliambiwa kwamba misheni ni mahali ambapo wageni wenye mali huwapa wasio nacho. Hakuna aliyemwambia siku ambayo yeye mwenyewe aligeuka kuwa mwenye misheni.

Ajabu ni kwamba maana ya kwanza ya neno, ya mwendo na shughuli, haikupotea katika Kiswahili. Imehifadhiwa na vijana wa mijini. Kwao "misheni" ni mpango wa kupata riziki, "mishemishe" ni pilikapilika za siku nzima, na "misheni tauni" ni yule anayeishi kwa akili, asiye na ofisi wala kiwanja, leo Mwanjelwa kesho Makambako. Wazee huwadharau. Lakini ukilipima neno kwa asili yake, kijana huyo analitumia kwa usahihi kuliko sisi tulio na vyeti vya theolojia.

Wainjilisti wa dayosisi zetu wamekwenda mbali pia, bondeni Usangu, na wa kanisa letu wamevuka mipaka hadi Malawi, Zambia na Msumbiji. Mwinjilisti afikapo kijiji kipya, akiwa na baiskeli na Biblia yake, wenyeji humkaribisha vizuri, humpa kiti, kisha humwuliza misheni yake iko wapi. Wanataka kujua kiwanja kitapimwa lini, na zahanati itajengwa upande gani wa barabara.