Python na Kalenda Yake: Miaka Thelathini ya Kutoa Matoleo

Tarehe 20 Aprili 2020, Benjamin Peterson alitoa toleo la 2.7.18 la lugha ya kompyuta iitwayo Python. Lilikuwa la mwisho kabisa katika ukoo wa Python 2, na Peterson ndiye aliyeusimamia mfululizo wa 2.7 tangu ulipotoka Julai 2010. Kwa karibu miaka kumi aliamua hitilafu ipi irekebishwe, lini, na ombi lipi likataliwe. Waandishi wengi wa programu wanaoitumia lugha hii kila siku hawalijui jina lake, nami naona wanapaswa kulijua.

Python ilianza katika likizo ya Krismasi ya mwaka 1989, Guido van Rossum alipokuwa akifanya kazi kwenye taasisi ya CWI mjini Amsterdam, Uholanzi. Februari 1991 aliitoa hadharani kwa namba 0.9.0, bure, huku msimbo wake ukiwa wazi kwa yeyote. Siku hizo toleo lilitoka pale mwenyewe alipoona limeiva. Kufikia mwaka 2000 wachangiaji walikuwa wameongezeka, na ndipo ulipoanzishwa utaratibu wa mapendekezo ya maandishi yanayoitwa PEP. PEP 200 ilikuwa ratiba ya toleo la 2.0, lililosimamiwa na Jeremy Hylton.

Tangu hapo kila toleo lina msimamizi wake. Yeye hutangaza tarehe, hufunga mlango wa vipengele vipya, hutazama kama kompyuta za majaribio zinakubali msimbo kwenye mifumo tofauti, kisha huweka alama kwenye msimbo na kuutia saini ili mtumiaji ajue haujachezewa. Wenzake huandaa vifurushi vya Windows na macOS. Hatua zote zimeandikwa katika PEP 101, waraka mrefu ambao kila msimamizi huurithi na kuuongezea. Lakini sehemu ngumu haimo kwenye waraka: ni kumwambia mwenzako aliyejitolea miezi kadhaa kwamba kazi yake haitaingia safari hii.

Somo kubwa lilikuja na toleo la 3.0, lililotoka tarehe 3 Desemba 2008 chini ya Barry Warsaw. Lilikusudia kusafisha makosa ya zamani hata kama programu zilizokwisha kuandikwa zingegoma. Ukigawa 3 kwa 2, Python 2 ilijibu 1, ilhali Python 3 hujibu 1.5. Maandishi na baiti, vilivyokuwa vimechanganyika kwa miaka mingi, vikatenganishwa. Sababu zote zilikuwa njema, ila mzigo uliwaangukia watu ambao programu zao zilikuwa zikifanya kazi bila shida. Wenye maktaba za msimbo waliwasubiri watumiaji wahame, watumiaji nao wakazisubiri maktaba. Mwaka 2014 ilibidi tarehe ya kuacha kuitunza 2.7, iliyopangwa 2015, isogezwe hadi 2020. Kwa maoni yangu, mabadiliko yenyewe hayakuwa kosa. Kosa lilikuwa kuyalimbikiza na kuyamwaga yote kwa mpigo mmoja.

Julai 2018 van Rossum aliachia uongozi, na mwaka uliofuata lugha ikawa chini ya baraza la watu watano wanaochaguliwa. Mwaka huohuo wa 2019 likakubaliwa pendekezo la Łukasz Langa, msimamizi wa 3.8 na 3.9: toleo jipya litoke kila Oktoba, badala ya kila baada ya miezi 18 kama ilivyokuwa desturi. Beta ya kwanza inapotoka, kwa kawaida mwezi Mei, hakuna kipya kinachoongezwa. Ni kama basi la alfajiri: aliyechelewa hupanda la siku inayofuata, wala halisimamishwi kwa ajili yake. Kila toleo hutunzwa miaka mitano, na waandaaji wa Linux kama Fedora wanaweza kupanga kazi zao mapema.

Hata hivyo kalenda haijawa bwana wa msimamizi. Toleo la 3.13 lilipangwa kutoka tarehe 1 Oktoba 2024. Siku chache kabla, ikabainika kwamba utaratibu mpya wa kusafisha kumbukumbu ya kompyuta ulikuwa unapunguza sana kasi ya baadhi ya programu. Ingewezekana kulitoa hivyohivyo na kuahidi marekebisho baadaye. Badala yake utaratibu huo uliondolewa, na tarehe 1 Oktoba msimamizi, Thomas Wouters, akatoa nakala nyingine ya majaribio ili watu waikague. Toleo lenyewe likatoka tarehe 7. Utaratibu ulioondolewa uliendelea kufanyiwa kazi na kuingizwa katika 3.14, iliyotolewa Oktoba 2025 chini ya msimamizi mwingine, Hugo van Kemenade.