Wosia wa mdomo: Kabla hujasaini muhtasari wa kikao cha ukoo, soma hapa

Wadau, msiba umeisha, arobaini imepita, mara shangazi anakupigia simu: "Mwanangu, njoo Jumapili kuna kikao, tumalize mambo ya baba yenu." Ukifika unakuta karatasi imeshaandikwa. Inasema marehemu alitamka kitandani kwamba nyumba ya Mbagala apewe baba mdogo, na ninyi watoto mmeridhia. Imebaki saini yako tu. Vijana wengi wanasaini chap chap ili wasionekane wakorofi mbele ya wazee, halafu wanakuja kushtuka mahakamani. Tuone sheria ya Tanzania Bara inasemaje.

WOSIA WA MDOMO UNAKUBALIKA?

Ndiyo, kama mirathi inaendeshwa kwa sheria za kimila. Sheria za Wosia zilizotangazwa mwaka 1963 (Tangazo la Serikali Na. 436) zinaruhusu wosia wa mdomo, lakini kwa masharti. Mashahidi wasipungue wanne: wawili wa ukoo na wawili watu baki. Mke au wake waliopo nyumbani nao washuhudie. Anayeusia awe na akili timamu.

Wa maandishi, kama mwenye kuusia anajua kusoma na kuandika, unatosha mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Kama hajui, wanarudi kuwa wanne. Na wosia wa maandishi haufutwi na wa mdomo. Kwa hiyo kama mzee aliacha karatasi halali, maneno ya "aliniambia mimi" hayaiondoi.

Kumnyima mrithi urithi nako kuna sheria yake. Lazima sababu itajwe waziwazi, na iwe nzito, kwa mfano mrithi alijaribu kumuua mzee, au alimtelekeza kwenye ugonjwa au njaa bila sababu ya maana. "Simpendi tu" haitoshi.

Na ile meseji aliyomtumia mtu mmoja kwenye simu? Meseji haina mashahidi wanne. Inaweza kusaidia kuonyesha mzee alikuwa anafikiria nini, lakini peke yake haitimizi masharti hayo.

SAINI YAKO INAFANYA NINI?

Hapa ndipo watu wanapochanganya mambo mawili.

1. Kusaini kama SHAHIDI. Maana yake unasema ulikuwepo na ulisikia kwa masikio yako. Kama ulikuwa Mwanza wakati mzee anatamka, usisaini hapo hata shangazi akinuna. Ukienda kurudia uongo huo mbele ya hakimu ni kosa la jinai.

2. Kusaini kama MRITHI UNAYERIDHIA. Maana yake hupingi mgawo, au hupingi fulani kuwa msimamizi. Hivi navyo ni vitu viwili. Unaweza kumkubali baba mdogo awe msimamizi bila kukubali kwamba nyumba ni yake. Hakikisha karatasi inasema kile unachokubali tu.

Wosia ukikosa masharti, marehemu anahesabiwa amekufa bila wosia, na mali inagawiwa kwa warithi kisheria. Saini zenu hazigeuzi wosia mbovu kuwa halali. Mtu mzima anaweza kwa hiari yake kumwachia mwenzake fungu lake, lakini hapo anatoa chake tu. Hawezi kutoa fungu la mdogo wake wa darasa la tano. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto haki ya kunufaika na mali ya mzazi wake aliyefariki.

KWA WAISLAMU

Wosia hauzidi theluthi moja ya mali, baada ya kutoa gharama za mazishi na madeni. Na mrithi hausiwi juu ya fungu lake. Ukizidi theluthi, au ukimpa mrithi, unasubiri ridhaa ya warithi wengine, tena ridhaa inayotolewa BAADA ya kifo. Mmoja akikubali na mwingine akakataa, ridhaa inakata fungu la aliyekubali tu. Mtoto mdogo hana ridhaa hapo, wala mlezi wake hamsemei.

MAHAKAMANI

Mirathi ya kimila na ya Kiislamu inafunguliwa Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa na makazi yake alipofariki. Muombaji anajaza Fomu Na. 1 na kupeleka cheti cha kifo. Muhtasari wa kikao mahakama nyingi huuomba, ila ni utaratibu wa kuonyesha familia imekaa. Wenyewe sio wosia. Tangazo linatolewa, na hapo mwenye pingamizi anajitokeza. Hakimu anasikiliza pande zote kabla ya kuteua.

Msimamizi akishateuliwa sio mwenye mali. Ndani ya miezi minne anatakiwa kupeleka Fomu Na. 5, yaani orodha ya mali na madeni. Baadaye anapeleka Fomu Na. 6 kuonyesha amegawa vipi. Una haki ya kwenda kuziona.

UMESHASAINI? USIKATE TAMAA

Kama mirathi bado inasikilizwa, nenda ukaweke pingamizi, ueleze ulidanganywa au hukusomewa karatasi. Kama msimamizi ameshateuliwa, unaweza kuomba uteuzi ufutwe kwa sababu ulipatikana kwa udanganyifu au mahakama ilifichwa jambo la msingi. Uamuzi usipokuridhisha, rufaa inakwenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Siku zinakwenda haraka, usingoje msimu wa sikukuu mkutane kijijini.

MANENO YA KUSEMA KIKAONI

Sio lazima ugombane. Sema hivi: "Wazee wangu, nawaheshimu. Naomba nakala niisome, nitarudisha jibu wiki ijayo." Kisha uliza majina ya mashahidi wanne, walikuwa wapi, siku gani, na mama alikuwepo? Andika majibu. Kama wosia ni wa kweli, maswali hayo hayauharibu, tena yatawasaidia wote mbele ya hakimu. Kama sio wa kweli, utaona karatasi inarudi mfukoni.

Mwenye swali atupie hapo chini.